Boksi la Mapeasi na Ngazi Niliyoiondoa

Kiembe Samaki, Unguja
Wiki moja baada ya Idd

Kaka yangu Tito,

Kamwene. Bwana asifiwe.

Desturi ya barua inanitaka niseme mimi huku sijambo, hofu ni juu yako wewe uliye huko. Safari hii nageuza. Wewe najua hujambo, maana mtu anayeweza kupanda mtini akachuma boksi zima la mapeasi, kisha akayafunga karatasi moja moja, huyo hana ugonjwa. Hofu iko kwangu mimi ninayeandika. Naogopa utauona mwandiko wangu, utaikunja karatasi hii na kuwashia moto kabla hujafika mstari wa tatu. Kwa hiyo nimemwomba Mama Kevela, ambaye ndiye tarishi wangu, asiondoke hapo kwako mpaka uimalize. Ukimwona bado amekaa kwenye benchi lako anakunywa uji wako, sababu ndiyo hiyo.

Mama hajambo? Miguu inamsumbua bado asubuhi kukiwa na umande? Shemeji na watoto je? Huku joto ni la kumvua mtu adabu. Nakumbuka ukungu wa nyumbani, ule tuliokuwa tukiulaani tukiwa wadogo, na siku hizi ningeununua kwa debe.

Sikukupigia simu kwa sababu mbili. Ya kwanza, namba yangu umeifungia, na sikulaumu. Ya pili, simu ina mdomo wa haraka kama mimi. Kwenye karatasi nikiandika neno baya nalikata, na mpaka hapa nimeshakata matano. Basi nalisema mapema ninalolitaka, usije ukadhani nazungukazunguka: nataka unisamehe ile habari ya paa. Mengine yote yaliyomo humu ni maelezo ya jinsi nilivyochelewa kuliomba jambo hilo kwa miaka mitatu, na jinsi mtaa mzima wa watu waliofunga Ramadhani ulivyonisukuma mpaka nikashika kalamu.

Tuanze na paa lenyewe, maana huku wameshalisikia wote. Wewe peke yako ndiye hujalisikia kutoka kwangu.

Siku ile ulisema bati za nyumba ya Mama tuanze kupiga upande wa magharibi, kwa kuwa upepo wa kwetu unatoka mashariki, na tukianzia huko utapenya kwenye maungio. Mimi nikasema tuanze mashariki. Sikuwa na sababu. Nilikuwa nimeshasema mashariki, basi, na nikapiga bati mbili huko. Wewe ukatabasamu lile tabasamu lako la marehemu Baba, ukaniambia mbele ya Mama kwamba hata nyundo naishika kwa hasira. Nikashuka. Begi langu la safari ya Unguja lilikuwa tayari, nilikuwa niondoke kesho yake, nikaona kwa nini nisubiri kesho. Nikachukua begi, nikachukua na ngazi. Nikaibeba begani mpaka stendi ya barabarani, nikaiegemeza kwenye kibanda cha tiketi, nikapanda basi. Mpaka leo sijui kwa nini niliibeba mpaka stendi. Nadhani nilitaka kuhakikisha.

Yaliyofuata alinihadithia Mama kwenye simu. Alikuletea chai akaiweka chini, akaona hushuki, na wewe kwa aibu hukusema kitu, akajua una bidii, akaenda zake shambani akimshukuru Mungu kwa mtoto mchapakazi. Ukakaa huko juu mpaka akina mama wa kwaya walipopita wakienda mazoezini, wakapandanisha mabenchi mawili ya kanisa wakakuteremsha, na Mama anasema hawakuacha kuimba. Nilicheka aliponisimulia. Nilicheka sana, kaka. Kisha simu ikakatika, nikakaa kitandani, nikakuona umekaa juu ya zile bati ukiangalia barabara niliyopita, na siku ile sikucheka tena.

Nilidhani hasira yangu nimeiacha kule stendi pamoja na ngazi. Kumbe tulikata tiketi wote wawili.

Kazi yangu huku ni kupiga lipu nyumba za zamani za Mji Mkongwe, chini ya Fundi Makame, mtu wa Bwejuu, mrefu, mkimya, asiyejua kitu kinaitwa haraka. Nyumba zile ni za mawe na chokaa, hazitaki saruji kabisa. Chokaa ukiimwagia maji inachemka yenyewe na kutoa moshi, na Makame hamruhusu mtu kuigusa mpaka ilale wiki kadhaa. Mwezi wangu wa kwanza nilimwambia anatuchelewesha. Akaniuliza kwetu bara tunakimbizwa na nani. Nikapandisha hasira, nikautupa mwiko, ukaangukia kwenye ndoo ya chokaa, chokaa ikanirukia mimi mwenyewe kuanzia kidevu mpaka magoti. Makame alikuwa amesogea hatua moja tu pembeni. Akanitazama, akasema, "Efraimu, na weye kalale kidogo."

Kanisani nako nilikuwa na mbinu zangu. Unajua mtu mwenye ugomvi na ndugu yake haendi Mezani kwa amani. Basi kila Jumapili ya Meza ya Bwana nilipata dharura. Mara simu, mara kikohozi, mara nimeona pikipiki ya Mchungaji kama inataka kuanguka nikatoka kuishika. Mchungaji wetu ni mwanamama mfupi mwenye sauti ya upole, na haachi kitu. Mwanzoni mwa Kwaresima hii aliniita pembeni akaniambia pikipiki yake katika miaka mitatu haijaanguka hata siku moja, je, mimi nina nini. Nikamwambia habari ya paa. Alicheka mpaka akavua miwani. Alipoirudisha machoni alikuwa hacheki tena.

Nikajitetea. Nikamkumbusha kwamba hata Bwana mwenyewe alikasirika hekaluni akapindua meza za watu. Ukweli kaka, habari ile nimeipenda tangu Shule ya Jumapili, na mara nyingi imenisaidia kujiona niko kundi zuri.

"Alipindua meza," Mchungaji akasema. "Hakumwacha mtu juu ya paa."

Kisha akanifundisha, na maneno yake nimeyashika. Alisema kukasirika si dhambi, Mungu ndiye aliyetuumba tukiwa na uwezo huo ili tujue kuna jambo haliko sawa. Ubaya unaanza mtu anapoitandikia hasira kitanda ikalala kwake. Ndiyo maana tumeagizwa jua lisituzamie tukiwa bado tumeibeba. Ukiumwa na jambo, nenda kwa aliyekuumiza, mwambie kinachokuuma, yeye mwenyewe na si majirani, na ufanye hivyo siku hiyohiyo. Halafu akaniuliza Kwaresima nafunga nini. Nikasema sukari. Akasema sukari hatujawahi kugombana nayo, mimi nifunge hasira.

Nikakubali. Ila unanijua, kaka, niliigeuza ikawa sheria ya ofisi. Kama mwisho ni jua kuzama, nikaona basi nina ruhusa tangu asubuhi. Mwenye nyumba wangu, Bi Zuhura, alikuwa amebandika ukutani uani ile ratiba ya Ramadhani yenye saa ya magharibi ya kila siku, mpaka dakika. Ikawa ratiba yangu pia. Yeye aliitazama ajue saa ya kufuturu, mimi niliitazama nijue nimebakiza muda gani wa kununa. Nilikuwa nagombana na watu kutwa bila wasiwasi, ikifika saa kumi na moja na nusu naanza kupita mlango kwa mlango kuomba radhi, mbiombio, kabla ya adhana. Makame alizoea. Akiniona nakuja jioni ananiambia amesamehe, niende kwa mwengine.

Sasa nikujulishe vizuri Bi Zuhura, maana ndiye aliyekula mapeasi yako.

Ni mjane wa makamo, wa familia ya Kiarabu iliyokuwa na mashamba ya karafuu enzi za babu zake. Yeye siku hizi ana cherehani, paka watano na vyumba viwili vya uani anavyopangisha, kimoja changu. Tangu Ramadhani yangu ya kwanza hapa, kila jioni ananiletea bakuli la futari. Nilimwambia mimi sijafunga, nimekula mchana. Akanijibu kwamba harufu ya chakula chake inafika chumbani kwangu, kwa hiyo sehemu yangu iko palepale. Huo ndio ujirani wa huku, na una sharti moja ambalo hakuna aliyenieleza, nililijua kwa kuaibika: chombo cha mtu hakirudi tupu. Ukiletewa bakuli la tambi, unalirudisha na chochote, ndimu mbili, kipande cha muhogo, sukari ya kufungia karatasi. Bakuli tupu ni kama kumwambia mtu usinijue.

Basi, siku moja katikati ya mfungo Mama Kevela alitoka Darajani anakouza viazi vya kwetu, akaja na boksi lako. Mimi nilikuwa kazini. Akamkabidhi Bi Zuhura, akamwambia linatoka kwa Tito, kaka yake Efraimu, na kwamba matunda yameiva sana njiani, yakikaa mpaka kesho ni ya kumwaga. Bi Zuhura akalifungua, juisi inavuja. Hebu jiweke mahali pake. Ni mwezi wa Ramadhani. Kila jioni anamlisha mpangaji wake wa bara, na sasa kutoka bara linafika boksi la matunda yaliyoiva siku ileile, saa chache kabla ya kufuturu. Yeye hakuona njia nyingine ya kulielewa. Aliona ndugu wa Efraimu wamerudisha bakuli. Akayagawa yote kwenye sahani, akapeleka mtaa mzima, kila nyumba akiagiza iambiwe kwamba hii ni futari kutoka kwa Efraimu na nduguye Tito.

Mimi nikaingia jioni na buti zangu za chokaa. Barazani nikaliona boksi. Ubavuni limeandikwa jina langu, herufi zako zile zinazoegemea nyuma kama zinakataa kwenda shule. Miaka mitatu sijauona mwandiko wako. Kaka, nakwambia kweli, nilisimama pale nikataka kulia kwa furaha mbele ya wanawake wanaochambua mchele. Kisha nikachungulia ndani. Lilikuwa tupu.

Nikauliza. Bi Zuhura akanieleza kwa furaha yote.

Sitayaandika niliyoyasema, Mama anasomewa barua zako. Nilisema kwetu boksi la mtu haliguswi. Nilisema mengi kuhusu watu wanaokula kisichowahusu. Bi Zuhura alinisikiliza, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Nimefunga mie, mwanangu." Ndivyo wanavyojibu, mtu aliyefunga akichokozwa hasemi zaidi ya hapo. Nikaendelea. Akasema tena amefunga. Nikazidisha sauti. Mara ya tatu nikafungua kinywa nimwambie kwamba hata mimi nimefunga, na neno likiwa limefika kwenye meno nikakumbuka nilichokuwa nimefunga.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaingia chumbani, nikatoa bakuli lake la jana, nikaliweka barazani miguuni pake. Tupu, na sikuwa nimeliosha. Wale wanawake wakaacha kuchambua mchele.

Nikajifungia. Nikaangalia saa, ratiba ilinipa zaidi ya saa moja, nikajilaza nikiwa na nia ya kuitumia yote.

Haikupita robo saa, hodi. Jirani wa mkono wa kulia amesimama na sahani ya katlesi. Ananishukuru kwa matunda, anasema Mungu awazidishie ndugu zangu, na hii ni sahani yake ya kurudisha fadhila. Nikaipokea, nikaiweka kwenye kiti. Hodi nyingine, muhogo wa nazi. Nyingine, sambusa. Nyingine, tambi za sukari na zabibu. Unajaribu kununa, kaka, na kila unapofika mahali pazuri mtu anagonga na ndizi za kupika. Kiti kilijaa, nikapanga juu ya begi, dirishani, kitandani, mpaka nikakosa pa kulala nikawa nimesimama katikati ya sahani kumi na moja, ninazozijua na nisizozijua. Kila aliyezileta alilitaja jina lako, au alijaribu. Mmoja alikuita Twaha.

Nilipokuwa natafuta nafasi ya sahani ya kumi na mbili ndipo nikaona juu ya meza yangu kuna kawa, lile kawa la Bi Zuhura la kufunikia chakula. Lilikuwapo tangu nilipoingia. Nilikuwa na shughuli ya hasira, sikuliona. Chini yake kulikuwa na mapeasi matatu, makubwa, mazima, yamefutwa vumbi. Alikuwa ameniwekea mimi kwanza, kabla ya kugawa.

Nilitoka mbio. Kwenye ratiba nilibakiza dakika tatu. Bi Zuhura alikuwa ameketi mkekani na tende mkononi, anasubiri. Lile bakuli langu chafu lilikuwa pembeni yake, limeshaoshwa. Nikapiga magoti nikaanza kusema Bi Zuhura naomba, na adhana ikaanza. Akanyanyua kidole ninyamaze, akala tende yake, na nyingine akanitia mimi kinywani. Nikaomba msamaha na tende mdomoni. Hakuelewa hata neno moja.

"Tafuna kwanza," akasema. "Sikimbii."

Mpaka leo sijui kama niliwahi lile jua au lilinipita. Nilimuuliza Mchungaji, akasema jua halikushika saa ya kunipima mimi. Lakini nilipomeza ile tende nilifanya kitu ambacho miaka yangu yote sijawahi kukifanya. Nilisema kilichokuwa kinaniuma, chenyewe. Nilimwambia Bi Zuhura kwamba sikukasirika kwa sababu ya matunda. Nilikasirika kwa kuwa boksi lile lilikuwa neno la kwanza la kaka yangu katika miaka mitatu, na sikuwahi kulisikia. Akaniuliza nimekosana na kaka yangu kwa jambo gani. Nikawa natafuta namna ya kuanza.

Sikuhitaji kuanza. Akaingia Maalim Nassor wa nyumba ya ng'ambo, mwalimu mstaafu, na sahani ya mkate wa kumimina, na juu ya sahani karatasi imekunjwa. Alisema ameikuta imefungia peasi lake, ina maandishi upande wa ndani, na maandishi ya mtu ni amana. Amana yenyewe alikuwa ameshaisoma, yeye, na mkewe, na wote waliokuwa wakingoja futari barazani kwake. Akavaa miwani, akasimama wima kama yuko mbele ya darasa, akaisoma tena kwa sauti:

"Efraimu. Bado nina hasira na wewe kuhusu ngazi. Lakini mapeasi yameiva. Tito."

Kaka, kwa nini uliandika upande wa ndani? Lakini naelewa. Ulitaka niyaone maandishi na ulitaka nisiyaone. Mimi ni mdogo wako, nakujua.

Maalim alipomaliza aliikunja karatasi, akairudisha juu ya sahani. Kisha Bi Zuhura akauliza ngazi gani. Ikabidi nisimulie, mbele yake, mbele ya Maalim, mbele ya majirani waliokuja kushukuru na kuketi. Nilipofika kwenye mabenchi ya kanisa walicheka mpaka paka wakatoka. Maalim alitaka kujua ngazi ilikuwa ya vipago vingapi. Mmoja alinitetea, akasema huenda ningerudi kuichukua. Bi Zuhura hakucheka na wenzake. Aliichukua ile karatasi, akailaza kwenye paja lake na kuinyoosha kwa kiganja.

"Nduguyo kakaa na hasira zake miaka mitatu," akaniambia, "na bado kakuchumia matunda. Na weye hasira zako zimemchumia nini?"

 Jibu la swali hilo ndilo ninaloliandika sasa.

Habari ilimfikia Makame huko kwao Bwejuu kabla sijamsimulia. Makame siku hizi kabla ya kupanda jukwaani anaifunga ngazi kwa kamba kwenye nguzo, mafundo mawili, huku ananitazama. Na zile sahani, kaka, usiulize. Nilinunua viazi vyetu kwa Mama Kevela, nikachemsha, nikatia chumvi na ndimu, nikazirudisha zote zikiwa na viazi. Watu wakavipenda, baadhi wakazileta tena zikiwa na vitu vingine, na mimi nikarudisha tena. Idd imeingia imetoka, na mpaka leo kuna sahani mbili ambazo sijui ni za nani wala zamu ni ya nani.

Kilichobaki ni boksi lako. Nilikuwa nimeliweka mvunguni na kutia soksi. Juzi Bi Zuhura alikuja kuchukua kawa lake, akaliona, akaniuliza kwa nini boksi la watu nalikalia. Nikamwambia lile ni katoni tu, si bakuli. Akasema chombo ni chombo, na hakirudi tupu, nitie kitu lirudi kwa mwenyewe. Nikamwambia sijui cha kutia. Akanitazama jinsi Mama anavyotutazama tukisema tumeshanawa mikono.

Jumapili iliyopita Mchungaji naye, bila kuambiana na Bi Zuhura, alitukumbusha lile agizo la kwamba ukiwa na sadaka yako mbele ya madhabahu ukakumbuka ndugu yako ana neno juu yako, iache palepale, nenda kwanza mkapatane. Hakunitazama. Hakuwa na haja. Nilikuwa mlangoni tayari kwenda kushika pikipiki.

Basi naja, kaka, kwa karatasi kwanza. Nilikosa. Nilikuacha juu ya paa la Mama, kwenye upepo, nikaenda zangu, na nikakaa miaka mitatu nikingoja uanze wewe. Ulikuwa sahihi kuhusu magharibi, Mama aliniambia bati mbili nilizopiga mimi ndizo zinazogonga kila upepo ukivuma. Na hata ungekuwa umekosea wewe, ngazi isingekuwa yangu kuiondoa. Kilichokuwa kinaniuma, na sikukuambia nikikutazama, ni kwamba tangu Baba afariki uliacha kuwa kaka yangu ukawa baba yangu, na mimi nilikuwa bado nakutaka kaka. Ningekuambia hivyo siku ile tungemaliza paa.

Ndani ya boksi utakuta haluwa, ni ya Bi Zuhura kwa Mama, laini, haitaki meno. Karafuu ni za shemeji, na kichupa cha mafuta yake ni cha Mama. Na utakuta kamba ya makumbi ya nazi, ndefu, imesokotwa Bwejuu na mke wa Makame, ambaye alipoambiwa ni ya nani aliongeza pima tatu. Ukipanda juu siku yoyote ifunge kwenye boriti. Ndugu akiondoa ngazi, utashuka mwenyewe.

Mnisalimie Mama, mwambieni miguu aipake mafuta ya karafuu, asiyanywe. Mnisalimie shemeji yangu mpishi wa makande, na wapwa... nimekosea, ni wanangu, hivi ndivyo mtu anavyosahau kwao. Msalimie shangazi wa ng'ambo ya mto na mjomba fundi baiskeli. Akina mama wa kwaya wape salamu zangu za pekee, na uwaambie nina deni la kuwabebea mabenchi. Na yule mkata tiketi wa stendi, kama ngazi bado iko kwake, mwambie mwenye kosa amepatikana.

Mama Kevela anarudi huku kabla ya Pasaka. Mpe boksi. Mchungaji amesema sehemu yangu ilikuwa kuja, jibu ni lako, na mimi Mezani nitakwenda safari hii bila kukohoa, hata kama bado una hasira, maana unayo haki. Lakini nitalifungua boksi hilo peke yangu, mlango nimefunga, kabla Bi Zuhura hajaliona. Likiwa tupu nitaelewa, na sitagombana na mtu. Likiwa na kitu chochote, hata kiazi kimoja, napanda boti wiki hiyohiyo. Tutamalizia zile bati nne ambazo Mama anasema hazijapigwa tangu siku ile, tutaanzia magharibi. Mimi nitakushikia ngazi, na tukimaliza, wewe ndiye utakayeshuka kwanza.

Ni mimi mdogo wako, niliye chini nakungoja,

Efraimu